Kontroli Boksi ya Gari: Ipimwe Kwanza, Ndipo Ibadilishwe

Fundi akishatamka kwamba kontroli boksi imekufa, mwenye gari huwa hana tena la kuuliza. Kifaa chenyewe hakionekani. Kimejificha nyuma ya droo ya dashibodi, chini ya usukani au kando ya betri. Hakivuji mafuta, hakipigi kelele, na hakuna anayeweza kukishika akasema kimelegea. Basi pesa inatoka, inanunuliwa ya mtumba, inafungwa, na mara nyingi gari linarudi barabarani na ugonjwa uleule. Nimeandika makala haya kwa ajili ya mwenye gari anayetaka kujua afanye nini kabla hajalipa, na kwa fundi kijana anayetaka kutoa hukumu anayoweza kuitetea. Kontroli boksi iwe mtuhumiwa wa mwisho. Na hata ikithibitika kwamba imekufa, isifungwe nyingine mpaka kilichoiua kijulikane.

Kontroli boksi ni kompyuta ya injini, na kazi yake ni hii. Inapokea taarifa kutoka kwenye sensa: kasi ya injini, hewa inayoingia, joto la maji, mguu wako kwenye pedali, moshi unaotoka. Kwa taarifa hizo inaamua nozeli imwage mafuta kiasi gani na plagi ipige cheche saa ngapi. Kwenye magari mengi ya Toyota yenye gia za otomatiki, kompyuta hiyohiyo ndiyo inayoamrisha geaboksi. Jambo moja la kukumbuka, maana tutalirudia: kontroli boksi ndiyo inayozigawia sensa nyingi umeme wake, na umeme huo ni wa volti 5, si 12.

Dalili zake hazitoshi kuihukumu. Gari kukataa kuwaka, kuzima mwendoni na kuwaka tena likipoa, kumisi, kula mafuta kupita kawaida, gia kuingia kwa kishindo: yote hayo yanaweza kutokana na kompyuta iliyoharibika, lakini pia yanaweza kutokana na sensa ya shilingi chache, pampu ya mafuta iliyochoka au waya uliogugunwa na panya. Ndiyo maana lazima kupima.

Jaribio la kwanza halihitaji kifaa chochote. Fungua swichi mpaka taa za dashibodi ziwake, usipige stata. Taa ya cheki injini inapaswa kuwaka. Kwenye magari mengi taa hiyo huwashwa na kontroli boksi yenyewe, kwa hiyo ikiwaka unajua kompyuta inapata umeme na imeamka. Isipowaka, hakikisha kwanza balbu ipo na ni nzima, kwa sababu wapo wauzaji wanaoitoa ili kuficha hitilafu. Balbu ikiwa nzima na taa haiwaki, na mashine ya kupimia nayo inagoma kuwasiliana na injini, yamebaki mambo matatu: kompyuta haipati umeme, kuna kitu kinaupiga shoti umeme wa sensa, au kompyuta imekufa kweli. Yapimwe kwa mpangilio huohuo.

Anza na betri. Iliyojaa na kupumzika husoma volti 12.6 hivi, ikiwa 12.2 imebaki karibu nusu. Wakati stata inazunguka umeme hushuka, na ukishuka chini ya volti 10 kompyuta nyingi huanza kuyumba, zinatoa namba za hitilafu za uongo au zinajizima na kujiwasha. Injini ikiwaka, altaneta itoe kati ya volti 13.5 na 14.7. Ikipanda hadi 15 na zaidi, hiyo altaneta inaiua kompyuta taratibu na lazima ishughulikiwe kabla ya kitu kingine. Halafu fyuzi na rilei ya mfumo wa mafuta. Kwenye Toyota huandikwa EFI kwenye kifuniko cha boksi la fyuzi. Rilei ni rahisi kuijaribu: ibadilishane na nyingine ya aina hiyohiyo iliyopo palepale.

Baada ya hapo ndipo fundi afike kwenye soketi ya kontroli boksi, na hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Swichi ikiwa imezimwa, soketi inachomolewa, kisha zinatafutwa pini za umeme na za ethi, yaani njia ya umeme kurudi betri, kwa kufuata mchoro wa nyaya wa gari hilo. Kwenye Toyota pini ya umeme wa kudumu huitwa BATT, ile inayopitia rilei huitwa +B, na ethi za injini huanza na herufi E, kama E1 na E01. Wengi wakiona mita inasoma volti 12 kwenye BATT wanaridhika na kusema umeme upo. Wasiridhike. Mita haili umeme, kwa hiyo hata waya uliooza ukabaki uzi mmoja utaonyesha volti 12 zilizokamilika. Kompyuta ikianza kuvuta umeme wa kazi, uzi huo mmoja hautoi kitu.

Dawa yake ni balbu ya breki ya wati 21. Iunganishe kati ya pini ya umeme na pini ya ethi palepale kwenye soketi. Ikiwaka nyeupe kwa nguvu zake zote, njia ya kwenda na ya kurudi ni nzima. Ikiwaka hafifu, nyekundu kama kaa linalozimika, umeshampata mkosaji na kontroli boksi haina kosa. Hapo uache waya mmoja wa balbu kwenye umeme, mwingine uguse moja kwa moja kwenye kichwa hasi cha betri. Ikiwaka vizuri, tatizo ni ethi. Ikibaki hafifu, tatizo ni upande wa umeme. Maangalizo mawili. Kwenye magari ambayo rilei ya EFI huamrishwa na kompyuta yenyewe, pini ya +B haitakuwa na umeme soketi ikichomolewa, mpaka rilei irukishwe kwa waya. Na usisukume ncha nene ya mita ndani ya pini. Inaitanua, kisha unatengeneza ugonjwa mpya ambao haukuwapo.

Ethi inastahili kusemwa zaidi. Nyaya za ethi za kontroli boksi kwa kawaida hazifungwi kwenye bodi bali kwenye injini, mara nyingi kwenye manifoldi ya hewa, kwa bolti ndogo ya namba 10 ambayo haivutii macho. Injini ikishushwa na kupandishwa, bolti hiyo husahaulika, au hufungwa juu ya rangi na grisi. Gari linawaka, linatembea, kisha baada ya muda linaanza vituko visivyoeleweka. Kwa hiyo gari likianza kusumbua baada ya kazi kubwa ya injini, swali la kwanza kwa fundi liwe, "Fundi, ethi za kontroli boksi zimerudishwa?" Kuna kipimo chake: injini ikiwa inanguruma na taa kubwa zimewashwa, weka ncha moja ya mita kwenye kichwa hasi cha betri na nyingine kwenye waya wa ethi nyuma ya soketi ya kontroli boksi. Isizidi volti 0.1 hadi 0.2. Ikisoma nusu volti, safisha ethi kabla hujamlaumu mtu yeyote. Kwa magari ya Tanga, Zanzibar, Mombasa na pwani yote, ongeza kufungua soketi na kutafuta kutu ya kijani. Chumvi ya bahari huingia kimyakimya.

Umeme na ethi vikiwa safi na kompyuta bado imelala, tafuta zile volti 5. Hili ndilo kosa linalozika kontroli boksi nyingi zikiwa hai, nami naliona kuwa jambo kubwa kuliko yote kwenye makala haya. Sensa ya throto, ya pedali ya mafuta, ya presha ya hewa, na kwenye dizeli za kisasa ya presha ya mafuta, hugawana umeme huo. Moja tu ikipiga shoti ndani, au waya wake ukichubuka na kugusa chuma, volti 5 zinaporomoka kwa wote, na kompyuta inaweza kunyamaza kabisa: taa haiwaki, mashine haisomi, gari haliwaki. Kila dalili ya kifo ipo, na hakuna aliyekufa.

Namna ya kuikamata ni hii. Chomoa soketi ya sensa ya throto, fungua swichi, pima waya wa umeme wa sensa hiyo; Toyota huuita VC. Ukikuta volti 5, endelea kwingine. Ukikuta sifuri au volti moja na kitu, ziache ncha za mita palepale, kisha mwenzako azichomoe sensa nyingine za volti 5 moja baada ya nyingine. Ukiona mita imeruka hadi 5 na taa ya cheki injini imewaka ghafla, sensa iliyochomolewa muda huohuo ndiyo yenye shoti. Zikiisha zote na mita haijapanda, zima swichi, chomoa soketi ya kontroli boksi na upime kama waya wa VC umegusana na ethi. Umegusana, fuata waya. Haujagusana, sasa kompyuta imeanza kuwa mtuhumiwa halali.

Kwa magari yanayotumia mtandao wa CAN, unaoziunganisha kompyuta za gari, kuna kipimo kingine cha haraka kwenye soketi ya pini 16 ya kupimia. Betri ikiwa imechomolewa, pima ukinzani kati ya pini namba 6 na 14. Kwa kawaida utapata omu 60 hivi, kwa sababu kuna vizuizi viwili vya omu 120, kila mwisho kimoja. Ukipata 120, upande mmoja umekatika, na mara nyingi kimojawapo cha vizuizi hivyo kimo ndani ya kompyuta ya injini. Ukipata karibu na sifuri, nyaya zimegusana.

Sasa namba za hitilafu. Gari likiwa linasomeka, kundi la P0601 hadi P0607 ndilo linaloitaja kompyuta yenyewe: kumbukumbu yake, programu yake, bongo lake. Hata hapo kuwe na subira. P0603 inaweza kujitokeza kwa sababu tu betri ilikatwa au ilikuwa dhaifu. Zifute, endesha gari, upime tena. P0606 inayorudi kila ukiifuta, umeme na ethi vikiwa vimeshathibitishwa, hiyo nakubali. U0100 yenyewe inasema kompyuta nyingine za gari haziisikii ile ya injini. Haisemi kwa nini. Namba kama P0171, P0300 au P0351 haziihukumu kontroli boksi hata kidogo, na fundi anayetoka kwenye P0300 moja kwa moja hadi kununua kompyuta ameruka kazi yote.

Upo ushahidi wa aina nyingine ambao hauna ubishi. Silinda moja haifanyi kazi, koili na plagi zimebadilishwa nafasi na tatizo halikuhama, ukaweka taa ya kupimia kwenye soketi ya nozeli ya silinda hiyo na haipepesi wakati zile tatu nyingine zinapepesa. Waya kutoka nozeli hadi kontroli boksi umepimwa na ni mzima. Basi transista inayoamrisha nozeli hiyo ndani ya kompyuta imeungua. Lakini haiungui bure. Pima ukinzani wa nozeli yenyewe: zile za kawaida za petroli huwa kati ya omu 12 na 16, na ukikuta moja imeshuka hadi 2 au 3 wakati wenzake wana 14, hiyo ndiyo iliyoua. Ukifunga kompyuta nyingine bila kuiondoa, itakufa kwa njia ileile. Kwenye Mitsubishi, muuaji anayejulikana ni mota ndogo ya kurekebisha sailensi, yaani mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta: inapiga shoti, inaunguza sehemu yake kwenye kompyuta, na kila kompyuta mpya inaifuata ya kwanza.

Zipo pia zinazokufa zenyewe. Agosti 2010 Toyota iliyaita kwa marekebisho magari yapatayo milioni 1.13 ya Corolla na Matrix ya miaka ya 2005 hadi 2008, huko Marekani na Kanada, kwa sababu kompyuta za injini zake zilikuwa na uwezekano wa kupata nyufa kwenye lehemu au kwenye vijenzi vya kukinga umeme wa ziada. Injini yake ilikuwa 1ZZ-FE, ambayo mafundi wetu wanaijua kwenye Allion na Premio, ingawa wito ule ulihusu magari ya huko tu. Dalili zilizotajwa zilikuwa kutowaka, gia kubadilika kwa nguvu, na injini kuzima mwendoni. Ufa wa namna hiyo hufunguka kwa joto na kujifunga kwa baridi. Kwa hiyo gari linalozima kila likipata joto na kupona likipumzika, baada ya sensa ya krenki kuondolewa kwenye mashaka, lipimwe kwa kuipasha kontroli boksi moto wa wastani kwa mashine ya kukaushia nywele huku injini ikinguruma, au kuigongagonga kwa mpini wa bisibisi. Ikizima kila ukifanya hivyo, umepata. Magari ya miaka ya 1990, kama Mitsubishi nyingi za wakati huo na Hilux Surf na Prado za injini ya 1KZ-TE, yana ugonjwa wake: kapasita huvuja. Ukifungua mfuniko unakutana na harufu ya samaki aliyeoza na madoa ya kahawia yanayokula njia za shaba. Hiyo, ikiwahiwa, hutibika kwa kubadilisha kapasita na kusafisha, na fundi wa elektroniki mwenye mkono mtulivu huifanya kwa gharama ndogo kuliko kununua nyingine.

Muuaji mwingine mkubwa kwetu ni maji. Mashine ya presha inayoosha injini, majani yaliyoziba mifereji chini ya vioo vya mbele, kioo kilichobadilishwa bila gundi ya kutosha, gari lililopita kwenye mafuriko. Kontroli boksi iliyolowa isiwashwe. Betri ikatwe kwanza, kisha kontroli boksi ifunguliwe, isafishwe, ikaushwe kabisa. Kuwasha ili kuona kama bado inafanya kazi ndiko kunakoimaliza. Halafu wapo wanaobusti betri wakigeuza chanya na hasi, wanaochomelea bodi bila kukata betri, na wafungaji wa alamu wanaokata waya wowote waliouona.

Ikishathibitika kwamba haitengenezeki, inunuliwe inayolingana, na kulingana si soketi kuingia. Soma namba kwenye kibandiko. Kwenye Toyota huanza na 89661, kwenye Nissan 23710, kwenye Honda 37820. Kinachofuata baada ya hapo ndicho chenye maana, na kilingane chote, pamoja na herufi za mwisho zilipo. Toyota IST mbili zinaweza kufanana kwa kila kitu machoni, moja ikiwa NCP60 yenye injini ya 1300 na nyingine NCP61 ya 1500. Kompyuta zake si moja. Otomatiki na manyuali hazibadilishani, wala ya gari linalovuta kwa magurudumu mawili na ya linalovuta kwa manne. Nenda dukani na ile yako mkononi, au picha safi ya kibandiko pamoja na namba ya chesisi.

Gerezani na Ilala jijini Dar es Salaam, au Kirinyaga Road jijini Nairobi, utaambiwa mara nyingi kwamba kifaa cha umeme hakirudishwi. Usilipe kwa masharti hayo. Kubaliana ijaribiwe kwenye gari lako kwanza, na makubaliano ya kubadilishiwa yaandikwe kwenye risiti yenye namba ya kifaa. Risiti ina kazi nyingine: kontroli boksi ni miongoni mwa vitu vinavyochomolewa na wezi kwenye magari, na anayekutwa na mali ya wizi bila kuweza kueleza alikoitoa anajitia matatani. Bei ya kutupa kutoka kwa mtu asiye na duka ikatae.

Halafu kuna imobilaiza, kinga ya wizi inayoutambua ufunguo, ambayo huwashtua wengi. Kompyuta ya mtumba inazijua funguo za gari ilikotoka, si zako. Gari litawaka sekunde moja na kuzima, au halitawaka kabisa, na taa yenye picha ya ufunguo au kufuli itapepesa. Kompyuta si mbovu. Fundi mwenye vifaa anasoma kumbukumbu ya funguo kutoka kwenye kontroli boksi yako ya zamani na kuiandika kwenye hii, au anaifuta ikubali funguo zako upya. Magari ya Ulaya kama BMW, Mercedes-Benz na Volkswagen ni magumu zaidi, kwa kuwa kompyuta zake hutambuana. Ulizia gharama ya kazi hiyo kabla hujanunua, maana inaweza kuzidi bei ya kifaa.

Kufunga kwenyewe si kazi ndefu. Kata hasi ya betri kwanza, subiri angalau sekunde 90 kabla ya kugusa dashibodi ili umeme wa eabegi uishe, shika chuma cha bodi kuondoa umeme tuli mwilini, usiguse pini kwa vidole. Soketi iingie bila nguvu; ikigoma, kuna pini iliyopinda. Ukirudisha betri fungua swichi, tazama taa ya cheki injini, soma kwa mashine, ndipo upige stata. Iache injini ipate joto mpaka feni izunguke, bila kuvuta mafuta. Sailensi inaweza kuwa juu au kuyumba mwanzoni kwa sababu kompyuta bado inajifunza. Nissan nyingi huhitaji kufundishwa, zisipofundishwa zinaweza kubaki hivyo. Endesha mjini na kwenye mwendo mrefu, kisha upime tena hata kama gari halina kasoro.

Ile ya zamani usimwachie muuzaji wala fundi, hata akikuambia ni takataka. Ndani yake zimo taarifa za funguo zako, na siku ile mpya ikisumbua au ukitaka kuongeza ufunguo, ndiyo itakayohitajika. Iandike namba ya gari na tarehe, ifunge kwenye nailoni kavu, uiweke nyumbani.